Aliyeuza Bima ya Mafuriko

Bwana Tai alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni na wembe kooni, redio ilipotoa habari iliyomgeuzia maisha. Mtangazaji, kwa ile sauti yao moja ya kutangazia misiba na mpira, alisema wataalamu wa hali ya hewa wanatarajia mvua kubwa kuliko kawaida, hivyo wakazi wa kando ya mito wachukue tahadhari.

Mtu mwingine angesikia onyo. Bwana Tai alisikia kitasa kikizunguka na mlango ukifunguka.

"Mto wenu huu hufurika?" aliuliza, akichezesha midomo tu ili koo libaki zima.

"Ukitaka wenyewe," kinyozi akajibu. "Unaweza kulala miaka na miaka kama mtoto aliyeshiba. Halafu siku moja unaamka na kukumbuka unapoishi."

"Na nyumba zikizolewa, nani analipa?"

Kinyozi akauondoa wembe ili apate kucheka vizuri. "Alipe nani? Mto wenyewe?"

Bwana Tai akafumba macho kwa raha. Kuna watu wakisikia shida ya wenzao hushika tama. Yeye alishika mfuko, kuhakikisha una nafasi.

Inafaa tumfahamu kabla hajanyanyuka kitini. Jina la Tai alilipata kwa sababu ya tai ya rangi ya damu ya mzee aliyoivaa shingoni, liwake jua, inyeshe mvua. Hayo ni maelezo yake. Watu wa miji aliyopitia walishikilia kwamba ni yule tai mwingine, ndege anayezunguka angani akisubiri kitu kilale. Huko alikotoka alikuwa ameuza hisa za kampuni ya mabasi ambayo basi lake la pekee lilikuwa picha ukutani. Lakini tusimwonee: hakuwachukia watu hata kidogo. Aliwapenda, kama mkulima anavyoyapenda mahindi yake.

Alipotoka kwa kinyozi alikwenda kuuona huo mto. Akakuta kijito. Mbuzi alikuwa akivuka bila kulowesha tumbo, nguo zimeanikwa juu ya mawe, na katikati ya maji bwana mmoja anaosha baiskeli yake huku akipiga mluzi. Bwana Tai alicheka mpaka akalegeza fundo la tai. Huu ndio mto wa kutisha watu? Angeweza kuwauliza wanaoishi hapo, lakini mtu wa kazi yake hana desturi ya kuuliza. Yeye huja na majibu. Akaondoka akiwa na hakika kwamba maji yale yasingeweza kuzamisha hata kikapu. Kosa lake lilianzia pale, ingawa kwa wakati huo lilionekana kabisa kama akili.

Baada ya siku chache, chumba kilichopakana na kinyozi kilikuwa na meza, viti viwili vya kuazima, na kibao kilichoandikwa PAA SALAMA, BIMA YA MAFURIKO. Shirika hilo lilikuwa changa kiasi kwamba rangi ya kibao ilikuwa bado inashika vidole. Kila mteja alipewa kadi yenye nambari ya simu ya makao makuu, na aliyeipiga alipokelewa na mzee mwenye sauti ya puani, mpole sana, aliyethibitisha kila neno la wakala wake. Kwa bahati mbaya mzee huyo hakuweza kuzungumza wakati wowote ambao Bwana Tai alikuwa mbele ya watu.

Na maneno yake! Alikuwa akisimama mlangoni mwa mtu, anaitazama nyumba kwa huzuni kama anayeaga maiti, kisha anaugusa ukuta karibu na dirisha.

"Hapa," anasema taratibu. "Maji yatafika hapa."

"Uuu!" anasema mama mwenye nyumba.

"Kitanda kitaelea. Kabati litatoka bila kuaga. Lakini mama yangu, wewe utakuwa umekaa kilimani, miguu mikavu, unatusubiri sisi tuje kukujengea nyingine. Au unapenda kumsubiri nani?"

Watu walitoa. Wengine walitoa walichoweka kwa ajili ya ada za shule, na kinyozi alitoa akiba ya kununulia kiti kipya, kwani kile cha zamani kilikuwa kinapanda peke yake mteja akiwa amekaa. Hawakuwa wajinga. Mto waliujua. Kwa kweli waliujua kuliko Bwana Tai, na ndiyo maana walilipa haraka. Yeye akadhani ni ufasaha wake.

Siku moja akaja Mzee Pumba. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka na nyumba kubwa kilimani, ambako maji yasingefika hata kwa nauli. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kumwachia mteja pumba zake. Zilizoanguka chini alizifagia na kuzipima upya. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Nina nyumba kule bondeni," alisema kwa sauti ya chini. "Karibu kabisa na maji. Vyumba vinne."

Bwana Tai aliwahi kukiona kijumba hicho. "Mzee wangu, lile si banda la kuku?"

"Kuku wanaishi humo, sikatai."

"Vyumba vinne?"

"Kila aina na chumba chake. Matetea, majogoo, vifaranga, na mmoja mgonjwa." Mzee Pumba akakohoa. "Sasa mwanangu, likichukuliwa na maji, nitalipwa banda au nitalipwa nyumba?"

Bwana Tai alimtazama kwa upendo wa kweli. Mwizi akikutana na mwizi mwenziwe hujisikia kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Mzee, katika shirika letu kuku ni wapangaji. Lipia nyumba, ulipwe nyumba."

Mzee Pumba akalipia nyumba, tena ya kifahari, akatoka akitembea kama kijana.

Aliyebaki alikuwa Mama Mapazia. Huyu alikuwa mjane, mshona mapazia, mwenye nyumba nzuri kupita zote za bondeni: baraza pana, sakafu ya saruji iliyong'arishwa ikawa kama kioo, na kizingiti kirefu kiasi kwamba wageni walipaswa kuinua mguu kama wanaopanda mnazi. Bwana Tai alimtembelea, akagusa ukuta karibu na dirisha, akasema maji yatafika pale.

"Ndiyo," alisema Mama Mapazia, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Bwana Tai alisubiri "uuu". Haikuja.

"Kitanda kitaelea, mama."

"Kitaelea." Cherehani ikaunguruma mpaka mwisho wa pindo. "Sasa mwanangu, nikilowa, nikutafute wapi?"

"Makao makuu, mama. Jengo la vioo, lifti mbili."

"Lifti mbili," akarudia Mama Mapazia, na sasa akamtazama. Alikuwa ameposwa mara tatu ujanani na mara mbili baada ya kufiwa, na katika safari zote hizo alikuwa amejifunza namna mwanamume anavyotazama anaposema atarudi. Huyu alisema atarudi huku macho yake yakipima njia iendayo stendi. "Pesa sina, mwanangu. Ila chai ipo."

Akampa chai. Bwana Tai akainywa barazani, upepo ukitoka mtoni, jioni ikiwa tulivu. Akashangaa kuona hataki kuondoka. Umri wake ulikuwa unakaribia ule ambao wenziwe wanaitwa babu. Maisha yake yote alikuwa amelala kwenye vitanda vya nyumba za wageni, akiondoka kabla ya jogoo, na hakuwahi kumiliki mlango wenye ufunguo wake mwenyewe. Wazo hilo alilifukuza. Lilikwenda, likakaa karibu.

Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya milima ya mbali, Bwana Tai alijua wakati umefika wa Paa Salama kufariki dunia. Alikuwa anakunja mashati yake ofisini, Mama Mapazia akaingia, akakaa kwenye kiti cha mteja na kuipakata pochi yake.

"Nauza nyumba," alisema. "Nataka nihamie kilimani. Watu wote wanaogopa bondeni siku hizi, kwa maneno yako, kwa hiyo hakuna anayenunua. Nimekuja kukuuliza wewe unayewajua watu wa mjini. Nitaiachia kwa bei ya kutupa."

Akaitaja bei. Bwana Tai akakaa chini, juu ya mashati.

Ilikuwa karibu sawasawa na pesa zote alizokusanya. Lakini nyumba ile! Ilifaa kuuzwa maradufu, mara tatu, mara tu hofu itakapopita. Na hofu ingepita, maana yeye ndiye aliyeileta na alijua haina mizizi. Angeiuza akiwa tajiri. Au asingeiuza. Angekaa barazani, ajinywee chai.

"Mama," alisema akijaribu kutuliza sauti, "hebu tukaione tena."

Wakaenda. Na hapa lazima tumtendee haki Mama Mapazia, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Hakuficha kitu. Bwana Tai alipouliza, kwa mzaha, kama maji yamewahi kuingia, alijibu waziwazi:

"Yameingia. Mara ya mwisho yalifika dirishani, kama ulivyosema mwenyewe."

Bwana Tai akauma mdomo asicheke. Masikini, alikuwa amemtisha vizuri mpaka bibi wa watu anakumbuka mambo yasiyotokea.

"Na hizi ndoano kubwa kwenye boriti za darini?"

"Za kuning'inizia kitanda na cherehani, maji yakija."

"Kitanda!" Bwana Tai alilazimika kugeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mwanangu, umeelewa lakini?" Mama Mapazia aliuliza. "Hapa maji huingia. Sitaki kesho useme sikukuambia."

"Nimeelewa, mama yangu. Umeniambia ukweli mtupu," alisema Bwana Tai akifuta machozi, na hakuna siku alisema kweli kubwa kuliko hiyo.

Walikwenda ofisi ya ardhi, nyumba ikabadilishwa jina kihalali, kinyozi na Mzee Pumba wakiwa mashahidi. Pesa zikatoka kwenye begi moja zikaingia kwenye pochi nyingine. Habari ilipoenea, wateja walifurahi. "Bwana Bima mwenyewe amenunua bondeni!" walisema sokoni. "Kumbe anaiamini bima yake." Mama Mapazia akapakia cherehani na kitanda kwenye mkokoteni, akapanda kilimani bila kutazama nyuma.

Bwana Tai akabaki na ufunguo. Asubuhi ya kwanza aliufunga mlango na kuufungua, akaufunga tena, akaufungua tena, bila sababu yoyote ila kwamba aliweza.

Mvua haikunyesha pale. Ilinyesha milimani, usiku na mchana, huku bondeni jua likiwaka. Bwana Tai aliliona hilo kuwa ushahidi kwamba hakuna mafuriko. Ndipo asubuhi moja akawaona majirani wanapita mbele ya baraza lake wakiwa na magodoro vichwani, kuku mikononi, na bibi mmoja akiwa amebebwa mgongoni na mjukuu wake, anatoa amri.

"Bwana Bima, twende!" jirani mmoja akamwita. "Mto umebadilika rangi!"

"Nendeni tu, ndugu zangu," akajibu akipunga kikombe. "Nakuja."

Akawatazama wakipanda kilima, akatikisa kichwa kwa fahari na huruma. Ama kweli alikuwa na ulimi! Aliyoyabuni yeye, watu wameyabeba na magodoro.

Mchana alikuwa mezani, ameandaa mkate na chai yake, aliposikia kitu kama lori likija. Hakukuwa na barabara ya lori upande ule. Aliangalia chini ya mlango. Maji yalikuwa yanaingia, ya rangi ya chai ya maziwa, taratibu, bila kubisha hodi, yakatambaa mpaka kwenye viatu vyake na kuvijua vizuri. Akainua miguu. Akapanda kiti. Kiti kikaanza kuwa na mawazo yake, akapanda meza. Meza nayo ikainuka upande mmoja kama mtu anayesikiliza jina lake. Kikombe kikatoka dirishani. Hapo Bwana Tai akaziona ndoano za darini kwa jicho jipya kabisa. Akaning'iniza begi na koti, kisha akajipandisha mwenyewe juu ya boriti, akaikumbatia kwa mikono na miguu. Chini yake mkate ulikuwa unaizunguka sebule polepole kama mgeni anayekagua nyumba.

Maji yalifika dirishani. Yalifika pale pale alipokuwa anagusa.

Alilia kidogo, na hakuna aliyemwona, kwa hiyo tuliache hilo.

Jua lilikuwa bado juu kinyozi alipoingia kwa dirisha la mbele akiwa ndani ya mtumbwi wa wachimba mchanga, ameinama asigonge kichwa.

"Bwana Bima! Uko hai!" alisema kwa furaha ya dhati. "Shuka, shika bega langu. Polepole. Usilie, ndugu yangu, hivi ni vitu tu."

"Nyumba yangu," Bwana Tai alisema, akitetemeka. "Nyumba yangu yote."

"Pole. Pole sana." Kinyozi alisukuma ukuta kwa pondo, mtumbwi ukatoka. "Lakini wewe una wasiwasi gani? Si una bima?"

Waliohama walikuwa wamekusanyika shuleni kilimani. Darasani kulikuwa na magodoro, masufuria na watoto wanaoandika ubaoni. Bwana Tai alipoingia, alipokewa kama shujaa. Wakampokea koti aliloshuka nalo kutoka ndoanoni, wakalitundika kwenye msumari, wakamfunika, na mke wa kinyozi akampa kikombe cha chai kabla ya mumewe. Aliwatazama: yule mama wa kitanda kuelea, sasa hana kitanda, na mwalimu aliyempa karo za watoto wake. Wote walikuwa wakimtazama kwa imani, na wengine walikuwa wanatabasamu, kwa sababu miongoni mwa watu wote wa mito yote wao ndio waliojiandaa. Akakiweka kikombe chini.

Wa kwanza kufika mbele yake na kadi alikuwa Mzee Pumba, aliyetoka nyumbani kwake pakavu akiwa amejitia tope kwenye suruali.

"Nyumba yangu ya vyumba vinne," aliomboleza. "Haionekani!"

"Mzee, kuku wako wako juu ya paa la darasa la pili," mtu akamwambia.

"Wapangaji wamesalimika, nashukuru. Mimi nazungumzia jengo."

Bwana Tai akajikaza. Ulimi ulikuwa bado ni mali yake. "Ndugu zangu, kila mtu atapata haki yake. Ila kuna taratibu. Makao makuu watatuma mkaguzi, mkaguzi ataandika, maji yatapungua, daraja litatengenezwa..."

"Mbona tusiwapigie sasa hivi?" kinyozi akasema, naye akatoa simu yake na kadi iliyolowa. "Yule mzee mpole. Tumwambie wakala wake naye amepatwa. Atasikitika."

"Hapana, nadhani leo wamefunga..."

Kinyozi alikuwa amekwisha kupiga. Akaweka simu sikioni, akatabasamu kwa heshima, akisubiri.

Koti lililotundikwa kwenye msumari likaanza kuimba.

Lilikuwa limeokoka darini likiwa kavu, na simu ya pili mfukoni mwake ilikuwa na afya njema. Liliimba wimbo mzima. Watoto wa ubaoni wakageuka, chaki mikononi. Kinyozi akakata simu, koti likanyamaza. Akapiga tena, koti likaimba tena.

"Pokea basi, bwana," akasema Mzee Pumba kwa shauku. "Huenda ni makao makuu."

"Ndio wenyewe, mzee," kinyozi akasema pole pole. "Makao makuu wako mfukoni."

Yaliyofuata hayakuwa na adabu. Mtu alimshika Bwana Tai kwa tai, na kwa mara ya kwanza ikaonekana faida yake nyingine. Polisi walikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa chini ya maji. Walikuwa wameanza kujadili kama arudishwe mtoni alikotolewa, mlango ukafunguliwa. Mama Mapazia akaingia na birika kubwa na mzigo wa mapazia ya zamani ya kujifunika.

"Mwacheni anywe chai kwanza," alisema. "Mtu haulizwi akiwa anatetemeka."

"Wewe ndiye una pesa zetu!" mama mmoja akamgeukia. "Ametuibia akakupa!"

"Nimeuza nyumba, mbele ya mashahidi," Mama Mapazia alisema akimimina. "Nilimwambia maji huingia. Nikamwonyesha ndoano. Alicheka mpaka akatoa machozi. Haya, mwanangu, nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, mama," alisema Bwana Tai kwa sauti ndogo.

"Na pesa ziko wapi?" mwalimu akauliza.

"Nimenunulia kiwanja kilimani. Bei ilikuwa ya kuchuna ngozi, lakini ningefanyaje? Muuzaji alisema viwanja vya juu vimepanda, mafuriko yanakuja." Akaweka birika chini. "Muulizeni mwenyewe. Si huyo hapo?"

Macho ya darasa zima yakamwendea Mzee Pumba, aliyekuwa anapangusa tope la suruali lisionekane sana. Pesa zao zote, za karo na za kiti cha kinyozi, zilikuwa zimepanda kilima na kuingia sandukuni kwake.

"Biashara ni biashara," Mzee Pumba akasema. Mahali fulani juu ya paa jogoo aliwika. "Hata mimi nilitoa pesa! Nyumba ya vyumba vinne!" Watu wakamsogelea. Akakohoa. "Basi... labda mtahitaji unga kidogo."

Magunia yaliletwa jioni ile, naye akayakabidhi moja moja kama anayetolewa damu. Pumba zilikuwa ndani. Alisema ni kwa afya.

Usiku watu walilala wakiwa wamejifunika mapazia ya maua, Bwana Tai kati ya kinyozi na mwalimu, ili asipate kwenda msalani bila wao kujua. Hakulala. Mtoto wa mwalimu alikuwa anakohoa, na mwalimu alivua shuka lake akamwongezea. Bwana Tai akavua pazia lake akampa mwalimu. Mwalimu alilipokea bila kusema asante, na ilikuwa haki yake.

Maji yalipopungua waliona kile ulichoacha mto. Nyumba za chini zilikuwa zimejaa matope, lakini ile ya Bwana Tai, iliyokuwa kwenye kona ya mto, ilikuwa imejazwa mchanga: safi, wenye chembe nzuri, usiohitaji kuchekechwa, sebuleni, barazani, na uani umerundikana mpaka kwenye matawi ya chini ya miti. Na wakati huo kila mtu wa wilaya nzima alikuwa anajenga upya, na kila anayejenga anatafuta mchanga.

Baraza la wateja wa Paa Salama likakaa nje ya duka la kinyozi. Wengine walitaka polisi. Lakini polisi wangemchukua mtu, mchanga ungebaki, na nani angeuchimba? Ikaamuliwa achimbe yeye. Auze, awalipe, mmoja mmoja, karo kwanza. Walimpa koleo. Aliifungua ile tai ya damu ya mzee na kujifungia nayo kitambaa kwenye kiganja, maana malengelenge yalitoka siku hiyo hiyo.

Daraja lilipotengenezwa, watu walisema sasa ataruka. Hata yeye alisema. Siku ya basi la kwanza alioga, akabeba begi, akaenda stendi, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa wote walikuwa kazini. Utingo akamwita. Bwana Tai alikuwa ameshaweka mguu mmoja ngazini alipokumbuka kwamba hakufunga mlango.

"Unapanda, mzee, hupandi?" utingo akauliza.

"Nisubiri kidogo. Nimeacha mlango wazi."

Basi halikusubiri. Alifika nyumbani akihema, akaukuta mlango wazi kweli, na mbuzi sebuleni amesimama juu ya mchanga. Akamtoa. Akaweka begi chini. Kulikuwa na mteja anakuja na mkokoteni, kwa hiyo akachukua koleo.

Mteja alikuwa Mama Mapazia.

"Nataka wa baraza," alisema, akiuchota mchanga kwa kiganja na kuuacha uchuruzike. "Si mbaya. Bei gani?"

Bwana Tai akataja.

"Wewe! Mchanga umekuja wenyewe, bure, mpaka ndani!"

"Mama, mimi nilikuwa ndani wakati unakuja. Haukuwa bure."

Mama Mapazia alicheka, mara ya kwanza tangu amjue. Hata hivyo aliishusha bei, akaishusha tena, na mwishowe akapata mkokoteni uliojaa kwa bei ya nusu, na juu yake akaongezewa makoleo kadhaa ambayo Bwana Tai hakumbuki aliyakubali saa ngapi. Alimsaidia kusukuma mpaka njiani.

"Nyumba imekauka vizuri," Mama Mapazia alisema, akiyatazama madirisha matupu. "Lakini haina mapazia. Unalalaje watu wakikuona?"

"Bado nalipa karo za mwalimu, mama."

"Ukimaliza. Utatoa kidogo kidogo. Nikushonee marefu, yafike chini? Yanapendeza."

Bwana Tai alisimama akiwa ameegemea koleo. Mto ulikuwa unapita chini kule, mwembamba, mbuzi anavuka bila kulowesha tumbo. Kwa mbali, juu ya milima, kulikuwa na wingu moja dogo. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mafupi, mama," alisema. "Mafupi kabisa."